Kisanduku Kitupu cha Duka Namba Nne

Kisu kile, wasomaji wangu, kilikuwa cha mkate.

Najua mmenilaani wiki nzima. Niliwaacha na Dada Mkubwa mlangoni mwa ofisi, barua ya kufungiwa duka mkono wa kushoto, kisu kirefu mkono wa kulia, na mdogo wake amejichimbia chini ya meza kwa kisingizio cha kukagua nyaya za kompyuta. Msomaji mmoja alinipigia simu kuuliza kama damu ilimwagika. Nilipomkumbusha kwamba hadithi hii inahusu kiwanda cha mikate, akakata. Nisameheni. Mhariri alitaka kisu, nikampa kisu.

Twendeni chini ya meza.

"Toka huko," Dada Mkubwa alisema.

"Nakagua nyaya, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Toka."

Mfumo akatoka kinyumenyume, makalio mbele, vumbi magotini. Kwa mgeni anayeanza kusoma leo: huyu ni kitinda mimba wa familia na meneja wa takwimu wa kiwanda alichoacha marehemu baba yao. Cheo hicho alijipa mwenyewe, akakichapa kwenye karatasi na kukibandika mlangoni. Jina la Mfumo alipewa na wafanyakazi, kwa sababu kila akiulizwa jambo alijibu, "Mfumo umesema." Alidhani ni jina la heshima. Ilimchukua miezi minne kugundua kwamba sivyo.

Dada Mkubwa akakitua kisu mezani taratibu, mpini ukimwelekea mdogo wake.

"Barua yako inasema nikabidhi mali yote ya kampuni. Kisu cha mkate, kimoja. Andika."

Mfumo akaandika.

Dada Mkubwa akaingiza mkono kwenye kikapu. "Kengele ya kaunta, moja. Aproni, mbili. Ya pili ina kiraka nilichokishona mwenyewe. Kiraka ni changu, lakini nakuachia. Funguo, tatu."

Funguo zikaangukia kwenye kibodi. Katikati ya ripoti ya robo mwaka herufi moja ikaanza kujiandika, mstari mzima, kisha mstari wa pili. Mfumo hakuthubutu kuziondoa.

Utulivu huu ulimvuruga kuliko kisu. Kwa siku tatu alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Alikuwa amesimama mbele ya kioo cha bafuni akifanyia mazoezi sentensi moja: "Dada, huu si uamuzi wangu, ni uamuzi unaotokana na takwimu." Aliijaribu kwa sauti ya huruma, akaijaribu kwa ukali, akaijaribu akiwa ametia mkono mmoja mfukoni. Sasa mgomvi mwenyewe kaja mpole na hotuba haina pa kuanzia.

"Hutaki hata kuuliza sababu?" alisema, karibu ambembeleze agombe.

"Mimi ndiye niliyekulipia masomo ya kompyuta, mdogo wangu. Miezi sita. Nikikuuliza sababu, nitaonekana siamini nilichokinunua."

Ilimchoma. Akatazama dirishani kidogo, akajitia anapangusa miwani.

"Ila nionyeshe," Dada Mkubwa akasema, akivuta kiti. "Nionyeshe mahali niliposhindwa, niondoke nikijua."

Hapo Mfumo akafufuka. Hakuna kitu alichokipenda duniani kama kuonyesha. Jumatatu iliyopita alimwonyesha Mama mwenyewe, mbele ya kikao cha familia, jedwali lake la kompyuta lenye rangi. Alikuwa akiliita lahajedwali, kwa kuwa hakuna mtu nyumbani aliyelielewa neno hilo. Unga ulikuwa umepanda bei na ilibidi duka moja kati ya matano lifungwe. Dada Mkubwa hakuwepo kikaoni. Alikuwa dukani anauza. Mama aliuliza swali moja tu: "Nyekundu ni mbaya?" Mfumo akajibu, "Mbaya sana, Mama." Kikao kikaisha.

"Hii hapa," alisema sasa, akigeuza skrini. "Kila mstari ni duka. Kila safu ni siku. Miezi mitatu, siku sabini na nane za kazi. Kila duka linapewa mikate mia mbili na hamsini kwa siku, kama alivyoweka Baba. Mimi nachukua chiti, vile vikaratasi vya maduka, naondoa iliyobaki, napata iliyouzwa. Juu kabisa, kijani, ni duka namba moja. Mikate elfu kumi mia tisa na ishirini."

"Lile la milango ya vioo."

"Duka la Mfano," Mfumo akarekebisha, maana ni yeye aliyelibuni, na vioo ni yeye aliyevichagua. "Na chini kabisa, nyekundu, ni..."

"Mimi."

"Mikate mia nane. Kwa miezi mitatu, dada."

Dada Mkubwa akasogeza uso kwenye skrini. Macho yake yakatembea kwenye mstari mwekundu: sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, mia mbili, sifuri, sifuri. Sifuri zilikuwa nyingi kiasi kwamba alichoka kuzifuata akaweka kidole.

"Hii sifuri ya Jumanne. Umeitoa wapi?"

"Kwenye chiti."

"Chiti ipi?"

"Ya Jumanne haipo. Ndiyo maana ni sifuri. Kisanduku kikiwa kitupu unakijaza sifuri, la sivyo jedwali linakuwa na mashimo."

"Nani alikwambia ukijaze?"

"Mfumo u..."

"Usiseme."

Dada Mkubwa alikuwa ameanza kutabasamu, tabasamu la pembeni ambalo Mfumo alilijua tangu utotoni, na ambalo halijawahi kumletea heri. Kabla hajauliza, mlango ukafunguliwa. Akaingia dereva wa pikapu ya mikate, aliyeajiriwa na Baba kabla Mfumo hajaota meno.

"Bosi mdogo, naomba saini ya mafuta. Eh, Dada Mkubwa, kumbe uko huku? Trei zako nimesharudisha. Tupu, kama kawaida."

Mfumo akashika kalamu. Akaiachia.

"Tupu kama kawaida, maana yake nini?"

"Tupu maana yake tupu."

"Na chiti yake iko wapi?"

Dereva akamtazama Dada Mkubwa, kisha akamtazama Mfumo, kwa upole wa mtu anayeogopa kumwambia mwenzake kwamba zipu iko wazi.

"Chiti ya nini, bosi? Chiti ni ya mkate uliorudi. Marehemu baba yenu aliweka hivyo siku ya kwanza. Mkate ukibaki, uje na chiti, tujue imebaki mingapi. Mkate ukiisha, trei tupu ndiyo habari yenyewe. Alikuwa anasema hanunui karatasi ya kuandikia mkate ulioshaliwa."

"Kila mtu anajua hilo?"

"Mpishi anajua. Wapakizi wanajua. Mlinzi anajua, na yeye ana wiki mbili tu kazini."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ile siku ya kwanza nilikuja kukueleza habari za trei, ukaniambia nisikusumbue, takwimu zitakueleza."

Mfumo alisema hivyo kweli. Alisema akiwa amezungusha kiti, kwa sababu kiti kilikuwa kipya na kilizunguka vizuri.

Wasomaji, mimi pia nilianguka hesabu darasa la sita na siku hizi nahesabiwa maneno na mhariri, kwa hiyo simcheki mtu. Lakini tutazame kilichotokea. Duka lililouza kila kitu halikuleta chiti, likapewa sifuri. Duka lililorudisha mikate kila siku ya Mungu lilileta chiti sabini na nane safi, zimeandikwa kwa mwandiko mzuri, likapewa kijani. Jedwali la Mfumo lilikuwa limepanga maduka kwa wingi wa kushindwa, kisha likampa zawadi aliyeshindwa zaidi.

Mfumo akavuta kibodi, akaondoa funguo, akafuta zile herufi, akaanza kujaza upya. Siku sabini na nne ambazo Dada hakuleta chiti, mia mbili hamsini kila siku. Siku nne za mvua kubwa alizoleta, mia mbili kila siku. Akabonyeza.

Mstari mwekundu ukawa kijani na kupanda juu kabisa. Mikate elfu kumi na tisa na mia tatu.

Halafu, bila kuombwa, nyekundu ikatafuta mahali pengine pa kukaa. Ikakaa namba moja. Duka la Mfano. Milango ya vioo na yote.

Dereva akainama kutazama. "Eh. Rangi zinahama zenyewe?"

"Zinahama," Mfumo alisema kwa sauti ndogo.

"Kumbe si kitu kibaya hiki, ukikipa habari."

Kumbukumbu zilikuwa zinamjia Mfumo moja moja, na kila moja ilimvua nguo. Mara tatu Dada Mkubwa alimpigia simu kuomba trei za kuongeza. Mara zote tatu alimjibu kwamba mfumo hauonyeshi uhitaji. Na mara moja, mara moja tu, alitoka ofisini kwenda kulikagua duka namba nne kwa macho yake. Alifika saa tisa alasiri. Akakuta rafu hazina kitu na Dada Mkubwa amekaa anashona kiraka cha aproni. Akaandika kwenye daftari: *Duka halina mikate wala wateja. Mwuzaji hana kazi.* Aliona fahari kwamba ameenda mwenyewe.

"Mikate inaishaga saa ngapi, dada?"

"Saa nne asubuhi. Siku za mwisho wa mwezi, saa tatu."

Mfumo akavua miwani. Aliona haya, haya ya kweli.

"Dada, nisamehe. Nimekosea mimi. Si mfumo, ni mimi. Duka halifungwi. Nampigia Mama sasa hivi, barua naichana." Na akaichana kweli, vipande vinne, akavitupa. Kimoja kikamwangukia dereva kiatuni.

Dada Mkubwa hakurukaruka. Hakumkumbatia. Aliitazama saa ya ukutani.

"Saa ngapi ile?"

"Saa nane kasoro."

"Wewe umechana nakala yangu. Nakala ya mwenye nyumba anayo mwenye nyumba. Inasema mnaachia chumba leo saa tisa. Na Bwana Keki yuko pale tangu saa sita, anapima ukuta kwa futi."

Bwana Keki! Mpinzani wao wa mtaa wa pili, mtu ambaye kwa miaka kumi amekuwa akitafuta kona ya kutokea upande huu. Mfumo akainuka kitini.

"Unajua hayo yote na umekaa hapa umetulia?"

Dada Mkubwa akachukua kikapu chake. Kisu akakiacha mezani.

"Twende," alisema. "Utaelewa huko huko."

Pikapu ilikuwa na nafasi moja mbele, na hiyo alipewa mwenye haki yake. Meneja wa takwimu akapanda nyuma, katikati ya trei tupu. Kila kona trei ziligongana naye mbavuni. Alizihesabu njiani, kwa mara ya kwanza maishani, kwa mkono. Zilikuwa kumi za duka namba nne, hazina hata chembe iliyobaki.

Ilikuwa saa nane na nusu walipofika. Duka lilikuwa vilevile: chumba kimoja, kaunta ya mbao iliyolainishwa na viwiko vya watu, rafu tatu, dirisha moja. Bwana Keki alikuwa amesimama juu ya stuli na futi mkononi. Mtu mnene, mchangamfu, shati limemkaa vizuri. Alipomwona Mfumo akashuka akicheka.

"Karibu, msomi! Nilitaka nije nikushukuru mwenyewe. Barua yako nimeisoma mara mbili. Lugha safi sana."

"Kuna makosa yametokea," Mfumo akaanza. "Upande wa takwimu..."

"Najua. Nimekuwa nikiomba yatokee." Akapangusa futi kwa leso. "Unajua mimi sina mfumo? Nina benchi. Lile pale, ng'ambo ya barabara. Nilikaa siku tatu na kiberiti, kila mteja njiti moja, nahamisha kutoka mfuko huu kwenda mfuko huu. Siku ya kwanza kiberiti kiliisha kabla ya saa moja asubuhi. Nikanunua kingine. Siku ya pili nikaja na vitano."

Mfumo alimsikiliza akitamani kaunta immeze. Miezi mitatu ya kompyuta, printa na wino wa rangi tatu vimeshindwa na viberiti. Na hata hilo asingeweza kulikataa, maana njiti za Bwana Keki zilihesabu watu walionunua mkate, wakati jedwali lake lilihesabu karatasi.

"Mwenye nyumba bado hajakupa mkataba," alisema, akijikaza. "Saa tisa haijafika."

"Haijafika. Na mwenye nyumba ana sharti lake. Ana vyumba vingine vitatu humu, cha viatu, cha simu na cha dawa, na vyote vinaishi kwa foleni ya mkate. Ameniambia hivi: chumba anakipata yule atakayebaki na huyu mama hapa kaunta. Hataki mwingine." Bwana Keki akaweka mkono juu ya karatasi iliyokuwa kwenye kaunta, karibu na kalamu. "Kwa hiyo jana nilizungumza na dada yako. Kaunta hii hii, kuanzia Jumatatu. Trei kadiri anavyotaka, hahitaji kumbembeleza mtu kwenye simu. Mkataba huu hapa."

Mfumo akageuka.

Sasa alielewa upole wote ule. Aproni mbili, kengele moja, funguo tatu. Dada yake hakuja ofisini kugombana kwa sababu hakuwa na cha kugombania. Alikuja kukabidhi tu, kama mfanyakazi mwema anayehama.

"Ni kweli, dada?"

"Ni kweli alizungumza nami," Dada Mkubwa alisema. Alikuwa ameshaingia nyuma ya kaunta. Mikono yake ilikuwa inapangusa mbao bila mwenyewe kutambua. "Nimesimama hapa miaka kumi na tisa. Nimekuomba trei, ukaniambia sina uhitaji. Umeniandikia barua, mimi, *mwuzaji hana kazi*. Uliyaweka maneno hayo kwenye barua, unakumbuka? Huyu mgeni alikaa juani siku tatu kunitazama. Wewe wa tumbo moja na mimi hukukaa hata asubuhi moja."

Hakupaza sauti. Mfumo alitamani apaze.

Alitafuta hotuba. Ile ya bafuni haikufaa tena kwa lolote. Alitafuta namba, na zote alizokuwa nazo zilimpa haki dada yake. Kwa kuwa hakuwa na kitu, akainamisha macho. Yakaangukia kwenye karatasi ya Bwana Keki.

Juu palikuwa na jina la duka jipya. Chini, kushoto, saini ya Bwana Keki, kubwa, yenye mikia miwili. Chini, kulia, palikuwa na mstari, na juu ya mstari hapakuwa na kitu.

"Hapa hajasaini," alisema.

"Atasaini," Bwana Keki akajibu haraka. "Hapo pamebaki tu."

"Toka jana?"

"Toka jana. Alikuwa na shughuli."

Mfumo wa wiki iliyopita angeshajua jibu. Angeshaijaza nafasi ile mwenyewe, kwa huzuni au kwa matumaini, akatia rangi, akachapa. Kidole chake kilishaanza kunyooka, kama kawaida yake. Akakirudisha.

Akazunguka kaunta, akasimama upande wa wanunuzi, mahali ambapo hakuwahi kusimama, akamtazama dada yake usoni.

"Dada," alisema, "nafasi hii tupu maana yake nini?"

Bwana Keki akaacha kucheka. Mlangoni, dereva akavua kofia.

Dada Mkubwa akamkazia macho mdogo wake, kama anayetafuta ndani yake mtoto fulani aliyewahi kumfahamu. Kisha akajifuta mikono kwenye gauni, kwa kuwa aproni zilikuwa ofisini, akaivuta karatasi upande wake, akachukua kalamu. Alichokiandika pale, wasomaji wangu, mtakisoma wiki ijayo.